Mitaro Yangu ya Bukoba

Mwende, mwaitu,

Mambo ya blanketi, dawa ya mbu na nani usikubali soda yake ndani ya basi, mama yako ameshayamaliza. Hakuniachia hata soksi moja ya kukukumbusha. Kwa hivyo mimi nitaandika yale ambayo yeye hawezi kuyaandika, kwa sababu yanaanza na mimi nikiwa mjinga, na yeye ni mtu wa heshima, hawezi kunitaja hivyo kwenye karatasi. Kwa mdomo ameshanitaja.

Niko dukani. Ni saa nane mchana, jua la Tawa limefukuza wateja wote, na matangi ya maji yamejipanga hapo nje kama wazee wanaongoja mkutano wa chifu. Wewe na mama yako mko saluni. Nimechukua daftari la hesabu la ndugu yako Kyalo, lile la viboksi, kwa sababu mwandiko wangu unahitaji kuzungushiwa ua ndiyo usitoroke. Mwalimu wangu wa darasa la saba, pale nilipoachia masomo, alisema naandika kama kuku aliyekanyaga wino. Sawa. Kuku huyo ameendesha lori mpaka Lubumbashi, amekula samaki Kigoma, amebishana na polisi wa nchi saba na kuwashinda wa nchi tano. Mwalimu mpaka anastaafu hakuwahi kupita Machakos.

Unaona, nimeshaanza kujisifu, na barua hii niliiandaa kwa kazi nyingine. Wacha niseme jambo lenyewe kabla sijafika Zambia.

Jumapili kanisani, walipokuita mbele wakuombee safari, ulichukua maiki ukasema unaenda kufundisha watoto kule Bukoba miaka miwili kwa sababu ya baba yako. Ukasema baba alikupeleka kule ukiwa Form Two, ukamwona akichimba mitaro ya shamba la watoto yatima kwa mikono yake, na siku hiyo ukajua unataka kuishi namna gani. Halafu ukaongeza kwamba ukifika tu utapiga picha mitaro ya baba uitume, waumini wote waione. Wakapiga makofi. Mama yako hakupiga. Aliniangalia kwa upande mmoja wa jicho, na mimi nikajifanya nafungua Biblia nikafungua kitabu cha nyimbo, tena kimepinduka.

Mwende, hiyo picha hutaipiga. Mitaro haipo. Na sababu haipo ni mimi. Hili ndilo neno ambalo nimelibeba miaka saba, na lazima ulipate kwangu kabla hujapanda basi kesho, sababu ukifika utalipata kwa Mama Koku, na watoto wataongezea chumvi. Naogopa, sikufichi. Unajua kwa nini nakuita mwaitu, mama yetu. Nilikupa jina la mama yangu mzazi, na Mkamba akimpa binti yake wa kwanza jina hilo amejizalia mama wa pili ndani ya nyumba. Marehemu alikuwa akinigundua hata kabla sijatenda. Wewe una macho yake yale yale. Nakuandikia kama mtoto aliyevunja chungu, anaongoja mama arudi kutoka mtoni.

Tuanze mwanzo, usipotee njiani.

Wewe ulijua tulienda Bukoba kusaidia. Hukujua kwamba mimi ndiye niliyesaidiwa kwanza. Miaka michache kabla ya safari yetu, lori langu liliharibika gia kwenye mlima mmoja nje ya mji wa Bukoba, na spea ilikuwa inatoka Mwanza. Nililala kwenye kebini ya lori siku tatu, na siku zote tatu mwanamke mmoja mfupi mwenye kilemba alikuwa anashuka kutoka nyumba ya watoto iliyokuwa juu ya barabara, ananiletea ndizi za kupikwa na maharage kwenye bakuli lililofunikwa sahani. Huyo ndiye Mama Koku. Alikuwa mlezi mkuu wa ile nyumba, mpishi, daktari wa vidonda, na mwamuzi wa vita vya nani alikojoa kitandani. Siku ya kuondoka nilimwambia, "Mama, nitarudi na familia yangu yote tuje tuwafanyie kazi."

Akacheka tu. Akasema, "Haya baba, karibuni."

Nilisema vile madereva husema. Mdomo wangu huwa unawasha injini kabla mimi sijapanda. Lakini nilipofika nyumbani nikalisema kwa mama yako, naye mtu wa Mutomo hasahau ahadi. Amekulia nchi ambayo mtoto anachimba mchanga wa mto na bakuli mpaka apate maji; watu kama hao wakishika kitu hawaachii. Kila nikirudi safari: "Baba Mwende, na wale watoto wa Bukoba?" Mwishowe nikasema, haya, Agosti mkifunga shule, twende.

Hapo ndipo nilipoenda mjini Wote nikachapisha zile tishati. Unazikumbuka. Za rangi ya machungwa, mgongoni zimeandikwa FAMILIA YA MUTISYA TUMEKUJA KUSAIDIA. Mama yako aliuliza kama tunaenda kusaidia au kugombea udiwani. Kyalo yake ilimfika magotini, alikuwa Class Three, akaonekana kama mtu amevaa pazia. Mimi niliona tumependeza sana. Njiani yote mpaka Mwanza nilikuwa nawageuzia watu mgongo ili wasome.

Siku ya kufika watoto walitupanga mbele wakasema shikamoo kwa pamoja, na mimi na ulimwengu wangu wote wa nchi saba nikajibu, "Poa, poa sana." Walicheka mpaka wadogo wakakaa chini. Halafu yule msichana mwembamba, Asimwe, wakati huo ana miaka kama saba, akaja mbele. Hakuuliza jina langu. Hakuuliza tumeleta nini. Aliuliza, "Mnaondoka lini?"

Nilimjibu, "Ebo, hata sijakaa." Nikafikiri ni utani mzuri. Wewe hukucheka. Nilikuona. Ulichuchumaa ukamwambia, "Jumamosi ya wiki kesho, asubuhi." Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa risiti, akakushika mkono akakupeleka kuona sungura.

Mwanangu, hiyo ndiyo siku ungepaswa kusimulia kanisani. Lakini nitarudi hapo.

Siku ya tatu niliamka nikaangalia mlima. Unajua macho ya mtu wa huku. Mimi nimezaliwa chini ya vilima vya Mbooni, nimekua nikichimba mitaro na mwethya, kikundi cha majirani wanaozunguka shamba kwa shamba. Leo kwangu, kesho kwako, mama mmoja anaanzisha wimbo na majembe yanashuka pamoja. Ukizaliwa Makueni unafundishwa kwamba tone la maji likiteremka bila kusimamishwa wewe ni mzembe. Mtaro unauchimba ukikata mlima, udongo unautupia upande wa juu, na miisho yote miwili unaifunga ili maji yakae hapo yanywewe na ardhi. Kwa hiyo kazi, bila kujisifu, na hapa sijisifu, uliza mtu yeyote kutoka Tawa mpaka Kikima, hakuna mtu anayepima mtaro kwa kamba na chupa ya maji kama mimi.

Na mbele yangu kulikuwa na shamba la maharage na viazi vitamu, limelala kwenye mteremko juu kabisa ya bweni la watoto, halina mtaro hata mmoja. Limetandikwa nyasi kavu tu, kama kitanda cha ng'ombe. Nikasema moyoni, maskini, watu hawa hawajapata mtu wa kuwaonyesha.

Mama yako alikuwa anafua. Akaniona na kamba. Akaniuliza, "Baba Mwende, unapima nini?"

"Mitaro."

"Umeuliza wenyewe?"

"Niulize nini? Maji ni maji."

"Hapa majani ni ya kijani mwezi wa nane," akasema. "Kwetu mwezi wa nane hata mbuzi ni wa kahawia. Uliza."

Nikamwendea Mama Koku, kuuliza kwa ile njia yangu, yaani nikamweleza. Nilimweleza kama nusu saa. Nilichora kwenye vumbi. Nikamwambia habari za Makueni, jinsi wageni wanakuja kupiga picha mitaro yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye aproni, akasema, "Sawa baba, kama mnaona inafaa."

Mimi nikasikia, ajabu, mtaalamu, endelea.

Imenichukua miaka kuelewa ile sawa. Mwanamke analisha watoto arobaini, na unga wa mwezi ujao utaletwa na mgeni mwingine aliyevaa tishati nyingine. Atamwambiaje mgeni hapana? Akikataa mtaro wangu, labda nitanuna, niondoke, niseme kanisani kwetu kwamba watu wa kule hawataki kusaidiwa. Kwa hiyo akanipa shamba lake nicheze nalo. Lile neno lilikuwa zito namna hiyo, na mimi nikalichukua kama peremende.

Tulichimba siku sita. Mlichimba nyinyi pia, lakini wewe siku ya pili ukatoroka, nami nikakuita mvivu mbele ya watu. Uliniambia umeenda jikoni kumenya ndizi na Mama Koku. Nikasema, "Tumevuka mpaka ili umenye ndizi?" Ulirudi jioni mikono myeusi kwa utomvu, ule utomvu wa ndizi usiotoka na sabuni, na vidole viwili vimekatwa. Ulikuwa unafurahi kwa sababu Mama Koku amesema sasa unamenya kama mtoto wa darasa la pili.

Siku ya mwisho niliwapanga watoto kwenye kingo za mitaro, kila mmoja ameshika jembe ambalo hakulima nalo, nikapiga picha. Picha hiyo iko hapa ukutani, juu ya mashine ya kukata mabomba. Nimewaonyesha wateja wangapi sijui. Mtu akija kununua bomba la nusu inchi lazima kwanza aone Bukoba.

Oktoba simu ikalia. Nilikuwa nimeshaacha lori, niko hapa hapa dukani, na wateja wawili wa kutoka Mbumbuni, na nakuapia nilikuwa katikati ya hiyo hadithi, nimefika mahali pa kamba na chupa. Ilikuwa ni Mama Koku. Watanzania wakipiga simu wanasalimia mpaka mbuzi. Hamjambo, watoto hawajambo, mama hajambo, Kyalo tishati imemtosha? Halafu kwa sauti ile ile akasema, "Baba, nakwambia tu usije ukasikia kwa mwingine. Mvua imeanza."

Bukoba, mwanangu, haina mvua kama hii yetu inayopita kuangalia saa. Mvua ya kule inahamia. Inafungua mizigo. Mitaro yangu ilifanya kazi vizuri kabisa, hilo ndilo la kuchekesha: ilishika maji kama ilivyofundishwa. Ilishika ya siku ya kwanza, ya pili, ya tano, haikuachia tone. Maharage yakaoza yamesimama kwenye maji. Viazi vikageuka uji ardhini. Na usiku wa siku ya nane mtaro wa chini ukachoka, ukapasuka, matope yote yakashuka kwenye bweni. Hakuna mtoto aliyeumia, nashukuru Mungu mpaka leo, walitolewa mapema kwa sababu Mama Koku hakuwa amelala. Alikuwa anasikiliza mlima. Lakini magodoro ya chumba cha wadogo yalilowa yote, na chakula cha msimu mzima kilikuwa kimekwisha.

Hakunilaumu. Aliuliza swali moja: "Sasa ile ya juu tunaifunguaje? Watoto wanataka kuchimba lakini naogopa mlima wote utakuja."

Na mimi baba yako, bingwa wa mitaro kutoka Tawa mpaka Kikima, nikasema, "Halo? Halo? Mama, sikusikii. Network ni mbaya."

Nikakata.

Network ilikuwa nzuri. Minara yote ya Makueni ilikuwa imesimama wima siku hiyo. Nikawageukia wale wateja, nikamalizia hadithi.

Mwende, nimefanya makosa mengi barabarani, mengine mama yako anayajua na mengine yanajulikana na polisi. Hakuna linalonichoma kama hiyo halo halo. Mitaro nilichimba kwa ujinga, na mjinga anaweza kusamehewa hata kabla ya chai. Lakini simu niliikata nikiwa na akili zangu zote.

Nilikaa hivyo wiki mbili au tatu. Nilikuwa sili vizuri, mama yako akadhani ni vidonda vya tumbo, akaninywesha aloe. Halafu tukaitwa shuleni kwenu siku ya wazazi, na mwalimu wa Kiswahili akasoma insha yako mbele ya watu. Shujaa wangu ni baba yangu. Ulitaja mpaka ile kamba na chupa. Wazazi wengine wakageuka kuniangalia, wanaume wenye digrii zao, na mimi nikatamani kiti changu kizame.

Jumatatu yake niliwaambia naenda Mombasa kuangalia matangi ya bei ya chini. Unakumbuka hiyo safari. Sikwenda Mombasa. Nilipanda basi la Mwanza.

Nilifika kwa Mama Koku saa sita mchana kwenye mvua. Alikuwa anaepua sufuria, na kitambaa cha kushikia moto kilikuwa cha rangi ya machungwa. Nikaangalia vizuri. Kilikuwa na neno, KUSAIDIA. Maneno mengine yalikuwa yameshaungua.

Nilikuwa nimeandaa utani njiani, mwingi, tangu mpakani Isebania. Nikaanza, "Mama, nimesikia mnafuga samaki siku hizi..."

Akaweka sufuria chini. Akasema, "Baba Mwende, utani tutafanya tukishamaliza."

Basi. Sijawahi kunyamazishwa vizuri hivyo, na nimenyamazishwa na mabalozi. Nikavua viatu. Asimwe akatokea mlangoni, ameongezeka urefu, akauliza swali lake, "Unaondoka lini?" Na safari hii nilikuwa na jibu. Nikamwambia, "Maji yakipata njia. Kisha nitakwambia siku."

Nilikaa siku tisa. Na hizo siku tisa, mwaitu, mbali na siku uliyozaliwa, na hata hiyo sikuwepo kwa sababu nilikuwa nimekwama mpakani na shehena ya sabuni, hizo ndizo siku nilizofurahi kuliko zote katika maisha yangu. Sikutegemea. Nilienda kuaibika na niliaibika sawasawa. Walinifundisha kila kitu kuanzia chini. Mama Koku alinionyesha kwamba kule maji hayashikwi, yanasindikizwa. Unayatengenezea mfereji wa pembeni, unapita nyuma ya choo mpaka bondeni, na shamba unalivalisha nyasi kavu ili mvua isilipige usoni. Yale matandiko niliyoyaita kitanda cha ng'ombe ndiyo yalikuwa ufundi wenyewe. Mimi ndiye niliyeyafagia.

Kwa hiyo nilikata nyasi. Nilibeba nyasi kichwani kama bibi harusi. Asimwe alikaa kwenye ukingo na ndizi mbivu mkononi akinisimamia, na miaka yake saba.

"Babu, hapo umeinua sana."

"Nimeinua wapi? Hapa ni sawa."

"Mwaga kikombe uone."

Namwaga kikombe, maji yanarudi kwangu. Anauma ndizi. Nachimba tena.

Siku ya nne niliteleza kutoka juu, nikashuka mteremko wote kwa makalio, nikapita bweni, nikapita kamba ya nguo nikiondoka na blauzi ya mtu, nikasimama kwenye mlango wa jikoni miguu ikiwa ndani. Mama Koku alinitazama kutoka juu, mwiko mkononi, nikaona kilemba kinaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Watoto wote wakapiga foleni juu ya mlima wakitaka kushuka kama mimi. Tangu saa hiyo wakaniita Babu Bwawa, na mpaka naondoka hakuna aliyenijua kwa jina lingine.

Siku ya nane mvua kubwa ilikuja mchana. Tulisimama sote chini ya paa tukaangalia. Maji yalishuka, yakafika kwenye mfereji, yakasita kidogo kama mgeni mlangoni, halafu yakageuka, yakapita nyuma ya choo yakaenda zake. Watoto walishangilia kama timu imefunga bao. Mimi, naomba usimwambie Kyalo, nililia. Nilisema ni moshi wa jikoni. Asimwe akasema, "Moshi uko upande ule."

Sasa ujue pia habari ya Mombasa. Nilirudi na ule mfuko wa panzi wa kukaangwa, senene, Mama Koku alinipa zawadi, ulikuwa msimu wao. Ulikula ukasema ni watamu kuliko kumbikumbi. Mama yako alichukua mmoja, akamwangalia miguu, akauliza, "Mombasa kuna panzi tangu lini?" Nikasema ni wa baharini. Hakubishana. Alichukua viatu vyangu akaviosha matope, na alipomaliza akaniuliza kwa upole, "Huyo Mama Koku, alikusamehe?"

Nikamwambia, "Alinipa panzi."

Akasema, "Basi amekusamehe. Na Mwende utamwambia lini?"

Nikasema kesho. Kesho hiyo ni leo, imechelewa miaka saba. Kila nikitaka kuanza ulikuwa unaniangalia na yale macho ya kwenye insha, na mimi nikawa napenda kuangaliwa hivyo. Hakuna sababu nyingine. Nilikuwa napata kitu ambacho sikulipia, na kilikuwa kitamu.

Na sasa nafika mahali panaponitia hofu. Unaweza kusema, basi kazi hii niliichagua kwa sababu ya mtu ambaye hakuwepo. Nimekaa na hilo swali tangu Jumapili, na jibu langu ni hili, lipime mwenyewe. Siku ya tisa, nikifunga begi, Mama Koku aliniuliza habari ya mtu mmoja tu. Hakuuliza fundi wa mitaro. Aliuliza, "Yule binti wa kumenya ndizi hajambo? Mwambie vidole vikipona arudi." Na mwaka huu alipopiga simu kutafuta mwalimu wa watoto wadogo, na wewe umemaliza chuo, aliitisha nani? Alisema, niletee binti wa ndizi. Miaka saba, Mwende. Mimi nilihamisha mlima na wakanikumbuka kwa mafuriko. Wewe ulikaa kwenye kigoda ukakubali kufundishwa kushika kisu, ukamwambia mtoto siku ya kuondoka bila kumzungusha. Ulikuwa unafanya kazi hii kabla hujaijua jina, na mimi nikakuita mvivu. Nakuomba msamaha kwa hilo pia, na hili nalitaka lisamehewe peke yake, lisichanganywe na maharage.

Kwa hiyo hukumfuata baba. Baba ndiye aliyekuwa anakufuata, kwa nyuma kidogo, akipiga kelele.

Ushauri sina mwingi, na ninaokupa nimeununua rejareja. Ukiambiwa sawa, usiondoke hapo hapo. Kaa, omba chai, uliza tena kesho. Utakosea, maana wewe ni damu yangu, na ukikosea pokea simu. Hata kama huna la kusema, usiseme network. Na Asimwe sasa ni mkubwa, ana miaka kumi na minne, lakini kuna wadogo wengine waliokuja baada yake, na watakuuliza lile swali kabla hujaweka begi chini. Una jibu, miaka miwili. Waambie mwezi wenyewe. Wakikuuliza tena baada ya wiki, waambie tena.

Jumapili ijayo nitaomba maiki. Nitasimama pale ulipokuwa umesimama niwaeleze waumini habari ya mitaro, yote, hadi ya makalio. Mchungaji atanipa dakika tano, nitachukua ishirini. Ile picha ya ukutani nimeishusha sasa hivi. Ukiwa na nafasi nipigie nyingine, ya ule mfereji nyuma ya choo. Si mzuri wa kutazama, lakini unafanya kazi. Wakikuuliza huko wewe ni nani, utasikia mtu anasema, huyu ni wa Babu Bwawa. Itika tu.

Nilikuwa nimepanga kukupa karatasi hizi kesho kupitia dirisha la basi, gari likiwa limeshaanza kutembea. Nimeona hiyo ni halo halo nyingine. Nitakupa leo kabla ya chakula, ili kama ni kukasirika ukasirike ukiwa kwetu, ambapo kuna nafasi ya kutosha na mimi siwezi kukimbia haraka.

Soma ukiwa chumbani kwako. Mimi nitakuwa nje kwenye ngazi ya jikoni, najifanya natengeneza mpini wa jembe. Ukimaliza toka, uje ukae. Utanikuta nimenyamaza, nakungoja wewe uanze.

Baba yako,
Mutisya